Kamera Kuukuu Kwenye Uwanja wa Gachoka

Leo nataka tuzungumze juu ya picha za michezo, hasa zile zinazopigwa katika viwanja vyetu vya huku Mbeere, Embu, kuanzia Gachoka kushuka hadi Kiritiri na Kiambere.

Angalieni picha zinazozunguka kwenye simu baada ya mechi ya Jumapili. Timu ikiwa imejipanga mstari kabla ya kipenga, picha ni nzuri: jezi zinaonekana, nyuso zinaonekana, hata kamba za viatu unaweza kuzihesabu. Mechi ikianza, mambo yanaharibika. Mpira haumo kwenye picha kwa sababu umeshapita. Mguu wa mshambuliaji umekuwa doa la rangi. Golikipa yuko chini tayari, na ule mruko wake ambao uwanja mzima uliupigia makelele hauonekani popote.

Jambo hili linaniuma. Tarehe 1 Juni 2023 sherehe za Madaraka zilifanyika hapa kwetu, Uwanja wa Moi, Embu, na siku ile lenzi za nchi nzima zilielekezwa huku. Jioni zikafungwa kwenye mifuko zikarudi Nairobi. Msichana anayekimbia mita 800 kwenye michezo ya shule Gachoka hana wa kumpiga picha akiwa anakimbia. Ana picha ya kusimama tu, cheti mkononi. Nasema anastahili zaidi ya hapo. Na kifaa cha kumpiga picha inavyostahili kipo, na bei yake imeshuka mpaka kikundi cha vijana wanaochanga pamoja kinaweza kukifikia. Nazungumzia kamera za dijitali za wataalamu za kati ya mwaka 2004 na 2012, zile nyeusi, nene, nzito, ambazo magazeti na mashirika ya habari yamekuwa yakiziondoa kabatini.

Mtu akisikia "kamera ya mwaka 2007" anadhani ni takataka. Basi tukumbushane kazi ilizofanya. Agosti 2008 Samuel Wanjiru alishinda marathoni ya Olimpiki Beijing kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Siku chache kabla yake Pamela Jelimo alikuwa ameshinda mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 54.87, mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu ya Olimpiki. Kamera mpya zilizotawala mikononi mwa wapiga picha kule Beijing zilikuwa Nikon D3 na Canon EOS-1D Mark III, zote mbili za mwaka 2007. Miaka minne baadaye, tarehe 9 Agosti 2012, David Rudisha akaongoza mita 800 za London tangu mlio wa bastola hadi utepe, dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Mwaka huo zilikuwa zimetoka Nikon D4 na Canon EOS-1D X. Picha zile bado tunazitundika ukutani mpaka leo. Hakuna anayezitazama akasema mashine iliyozipiga ilikuwa dhaifu.

Mwaka mmoja kabla ya Beijing kulikuwa na mashindano ya dunia ya mbio za nyika Mombasa, tarehe 24 Machi 2007. Joto la siku ile halikuwa la kawaida. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa hashindwi katika mbio za nyika, alilemewa akaacha mbio, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Hata D3 ilikuwa haijazaliwa. Wapiga picha walisimama kwenye jua la Pwani na kamera za kizazi cha nyuma yake, nyingine za megapikseli nane, nyingine za nne tu, na magazeti yakajaa picha kesho yake.

Kwa nini basi zinauzwa kwa bei ya chini? Si kwa sababu zimeacha kufanya kazi. Kamera hizi zina kioo ndani, kioo kinachoinuka kila unapobonyeza, na watengenezaji wengi wamekihama. Sony walitoa a9 isiyo na kioo mwaka 2017, inayopiga picha 20 kwa sekunde. Canon na Nikon wakafuata mwaka 2021 na R3 na Z9. Shirika kubwa la habari likibadilisha mfumo, linabadilisha mamia ya kamera kwa mpigo. Mzigo ule unaingia sokoni, unapita Ulaya na Japani, na sehemu yake inafika Nairobi ikiwa imeandikwa "ex-UK" kama jokofu au gari. Nikon D3 ilipotoka iliuzwa takriban dola 5,000 za Marekani, bila lenzi. Leo iliyotumika inapatikana kwa bei ya simu ya kadiri.

Sasa kijana ataniuliza, simu yangu si inatosha? Na si kwamba nakisia. Mmoja aliniuliza hivyo hivyo pembeni mwa uwanja, kwa adabu kabisa.

"Babu, samahani. Simu yangu ina megapikseli hamsini, na hiyo yako unasema ina nane. Mbona mpira unaonekana kwako, kwangu hauonekani?"

Nikampa kamera aishike. Nikamwambia aweke jicho kwenye tundu, abonyeze kitufe nusu, amfuate winga wa kulia, na akimwona anainua mguu abonyeze mpaka chini. Alipobonyeza, kamera ikalia mfululizo, naye akashtuka akaitoa usoni.

"Imeshapiga?"

Ilikuwa imeshapiga, na jibu lenyewe lilikuwa hapo. Kwenye simu unabonyeza, simu inafikiri, kisha inapiga. Na mara nyingi inachanganya picha kadhaa kuwa moja ili mwanga upendeze, jambo zuri sana kwa mtu aliyesimama, na baya kwa mtu anayeruka. Kwa D3, Nikon walitaja milisekunde 37 kutoka kubonyeza hadi picha kupigwa. Hizo ni chini ya sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde. Na kila kioo kinaporudi chini kati ya picha na picha, kamera inapima tena umbali wa yule winga na kusukuma lenzi imfuate. Kazi ya kufuata mtu anayekimbia kukujia ndiyo ngumu kuliko zote, na wahandisi waliimaliza vizuri zamani. Ndiyo maana nasema kamera hizi hazijazeeka kwa kazi hii.

Megapikseli nane, kwa hesabu, ni picha yenye nukta 3,504 kwa 2,336. Ukiichapisha kwa nukta 300 kwa inchi unapata upana wa karatasi ya A4 na karibu urefu wake wote, ukiilaza. Cheti cha shule, bango la ukutani, ukurasa wa gazeti: inatosha.

Halafu kuna jua letu. Gachoka iko chini kidogo tu ya ikweta, na nyanda hizi za mtama na ndengu hazina mawingu mengi. Udhaifu mkubwa wa kamera za zamani ni gizani. Ukipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, picha inajaa chengachenga. Lakini mchana wa hapa, kwa ISO 200 na lenzi ikiwa wazi hadi f/4, shata inafika 1/3200 ya sekunde. Mkimbiaji anayekwenda mita 10 kwa sekunde anasogea milimita 3 tu katika muda huo. Anaganda hewani, na vumbi linaloruka nyuma ya kisigino linaganda naye, chembe kwa chembe. Udhaifu ule wa gizani hapa kwetu haukugusi mpaka jua likaribie kuzama.

Jua hilohilo lina hila yake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu. Saa saba mchana mwanga unatoka utosini, macho ya mchezaji yanaingia kivulini, na ngozi zetu nyeusi mbele ya anga jeupe zinaidanganya kamera. Inaona weupe mwingi, inadhani imezidisha mwanga, inapunguza, na uso wa mtoto wa watu unakuwa shimo jeusi. Usiiachie kamera iamue. Pima mwanga kwa mkono: elekeza kwenye nyasi kavu au kwenye uso wa mchezaji aliye juani, chagua shata na tundu la lenzi, kisha acha hapo hapo mpaka mwanga ubadilike. Mechi ikianza saa kumi jioni, simama mahali ambapo jua liko nyuma ya bega lako, na ujue goli lipi linapata mwanga huo kipindi cha pili. Ardhi kavu ya uwanja itakusaidia pia, inarudisha mwanga kwenda juu usoni. Piga magoti uone tofauti.

Wengi wanadhani picha kumi kwa sekunde ni dawa ya kila kitu. Hesabu inakataa. Mpira uliopigwa kwa nguvu, tuseme kilomita 90 kwa saa, unakwenda mita 25 kwa sekunde. Kwa kamera ya picha kumi, kati ya picha moja na inayofuata mpira umesafiri mita mbili na nusu. Unaweza kubonyeza mfululizo mzima na ukapata picha kumi safi ambazo mguu na mpira havijagusana katika hata moja. Canon 1D Mark II ya mwaka 2004 inapiga picha nane na nusu kwa sekunde, 1D X inapiga kumi na mbili, na tofauti hiyo ni ndogo kuliko tofauti kati ya mtu anayeujua mchezo na asiyeujua. Anayejua kwamba beki wa kushoto hupenda kukata kuingia ndani atakuwa ameshageuza lenzi. Kijana aliyecheza soka Gachoka tangu darasa la tatu ana mali hiyo bure, na mgeni kutoka Nairobi hana.

Mazoezi ya kufuata mwendo fanyieni barabara ya Embu kwenda Kiritiri, mkiwa mbali na lami tafadhali, maana magari yanayobeba majani ya muguka hayangoji mtu. Weka shata 1/60, msubiri boda boda, zungusha kiuno pamoja naye kuanzia mbali, bonyeza anapopita mbele yako na endelea kuzunguka. Pikipiki ya kilomita 60 kwa saa inasogea karibu sentimita 28 katika 1/60 ya sekunde, kwa hiyo ukisimama kidete utapata mstari wa rangi. Ukizunguka kwa kasi yake, dereva anabaki mkali na michongoma ya kando inakuwa mistari. Itachukua muda. Ukiweza hilo, utaweza pia wapiga ngoma wa Chuka, wale wanaobana ngoma ndefu katikati ya miguu wakaruka nayo: mikono ikiwa ukungu, nyuso zikiwa wazi.

Tuje kwenye ununuzi. Kama fedha ni kidogo, mimi ningetafuta D3 au 1D Mark IV ya mwaka 2009. Mark II bado inafanya kazi, ila betri zake ni za aina ya zamani na skrini yake ya nyuma ni ya inchi 2 tu, huwezi kuhakiki makali ya picha juani. Na kuna moja ya kuitazama kwa makini: 1D Mark III. Ilipotoka mwaka 2007 wapiga picha wa michezo walilalamika kwamba fokasi yake inayumba ikifuata mkimbiaji, hasa siku za joto na jua kali. Canon walikiri, wakarekebisha kioo kidogo cha ndani na baadaye programu. Zilizorekebishwa ni nzuri. Lakini kwa mtu wa Gachoka, ambako joto na jua kali ndiyo hali ya hewa ya kila siku, usiinunue bila kuijaribu mchana juani, mtu akikimbia kukujia mara kadhaa, huku ukikagua kila picha kwenye kompyuta.

Muulize muuzaji shata imepiga mara ngapi. D3 ilipimwa kwa mibonyezo 300,000, 1D X kwa 400,000. Si kwamba ikifika hapo inakufa, ila unajua umri wake. Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya faili la picha, na 1D X huionyesha kwenye menyu, kwa hiyo asikwambie haijulikani. Fungua mlango wa kadi, mulika tochi ndani. Kadi za CompactFlash zinaingia kwenye pini 50 nyembamba, na moja ikipinda kamera haisomi kitu. Kamera zilizopita mikononi mwa watu wenye haraka huwa nazo zilizopinda. Nunua pia kisomeo cha kadi papo hapo, maana madukani kinaanza kuadimika. Betri mpya ya D3 ilipimwa kwa takriban picha 4,300 kwa chaji moja. Iliyochoka haitafika hapo, lakini hata nusu yake inamaliza michezo ya siku mbili bila kutafuta umeme.

Fedha iliyobaki, na nasema iliyobaki ikiwa kubwa kuliko ya kamera, iende kwenye lenzi. Hapa kamera kubwa za zamani zina faida ambayo wauzaji hawaitaji. D3 ina mota yake ndani, kwa hiyo inazungusha lenzi za Nikon za miaka ya tisini zisizo na mota, kama ile 80-200 yenye f/2.8, nzito na ya chuma, ambayo kwenye kamera ndogo za nyumbani kama D3000 fokasi yake haijiendeshi yenyewe. Kwa Canon, lenzi yoyote ya EF tangu mwaka 1987 inaingia. Ichunguze lenzi mbele ya taa, utafute utando wa kuvu kama nyuzi za buibui, hasa ikiwa imekaa Mombasa.

Vumbi letu jekundu litaingia kila mahali. Mwili wa kamera hizi umezibwa kwa mpira kwenye viungo, na hilo ni jambo jingine lililolipiwa dola 5,000 zile. Lakini ukibadilisha lenzi katikati ya uwanja upepo ukivuma, hakuna mpira utakaokusaidia. Weka lenzi moja asubuhi ukae nayo.

Nikiwaza juu ya vijana hawa namkumbuka mpiga picha Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na kamera yake ya kwanza ilikuwa Box Brownie iliyotumika. Akiwa bado kijana wa shule alianza kupiga picha za Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953, magari yakipasua vumbi na tope, na mwaka 1963 akafungua Camerapix hukohuko Dar. Ndiye ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliifanya dunia isimame itazame. Hakungoja kifaa kipya. Alikuwa na cha mtumba, na alikuwa mahali ambapo jambo lilikuwa linatokea. Vijana wa Gachoka wako mahali ambapo mambo yanatokea kila wiki.

Walimu wa michezo mnaonisikiliza, ombi langu liko kwenu na kwa wazazi. Shule ikiwa na hazina kidogo ya klabu, kamera moja ya aina hii na lenzi moja ndefu vinaweza kuhudumia shule kadhaa za eneo zima, zikipokezana. Mchagueni mwanafunzi anayeupenda mchezo lakini hakuingia kwenye timu. Huyo ndiye mara nyingi huona zaidi. Mpeni ruhusa ya kusimama nyuma ya goli, na refa aambiwe mapema.

Na kabla ya kutoka nyumbani, kagueni saa ya kamera. Kamera iliyokaa kabatini miaka mingi husahau tarehe, na kila picha ya siku hiyo itahifadhiwa kwa tarehe ya uongo. Irekebisheni kila asubuhi ya mashindano. Jioni, wakati wachezaji bado wako karibu, andikeni majina: nani amepiga mpira, nani ameokoa, shule gani, dakika ya ngapi. Faili zihifadhiwe mahali pawili, moja shuleni na moja kwa mwalimu, na nakala ndogo zitumwe kwa wazazi siku hiyohiyo.